Mashine za boti zetu zinakufa kwa kubembelezwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kuhusu moshi wa boti zinazopeleka wageni Kisite, hifadhi ya bahari hapa pwani ya kusini ya Kenya. Alisema moshi ule unatokana na dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, na kwamba manahodha wakienda polepole zaidi mashine zitadumu na hewa itabaki safi. Juu ya mafuta ya taa sitabishana naye sana. Mchezo huo ulikuwepo, ila ulipungua faida Septemba 2018 serikali ilipoyatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa kila lita. Hilo la kwenda polepole ndilo lililonishikisha kalamu. Huu ni mwaka wangu wa 23 nikifungua mashine za boti hapa Shimoni, na nyingi ninazozizika zimekufa kwa kukosa kazi ya kutosha.

Wiki mbili zilizopita nilivua kichwa cha mashine ya silinda tatu, nguvu za farasi 30, iliyofungwa kwenye jahazi la wageni miaka minne tu iliyopita, mpya kutoka sandukuni. Mwenye chombo alilalamika kuwa inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na asubuhi haiwaki mpaka ipuliziwe dawa. Nikamulika kurunzi ndani ya silinda. Silinda iliyo nzima, ukiimulika, unaona mistari myembamba imekingamana ukutani, kama mtu amepitisha msasa mara mbili, mara huku na mara kule. Kiwanda huichora mistari hiyo kusudi ishike oili na ringi zipate kukaa. Humu sikuona hata mmoja. Ukuta ulikuwa wa kahawia unaong'aa, kama halua iliyomwagwa sahanini ikapoa. Nilipitisha ukucha, ukateleza. Ringi ya pili ya pistoni ya nyuma ilikuwa imegandishwa na masizi ndani ya mfereji wake, hata bisibisi haikuitikisa. Kisha nikafungua chini. Beringi za krenki zilikuwa safi, ungedhani zimetoka dukani asubuhi ile. Kazi haikuwa imeichosha mashine ile.

Nikamwuliza nahodha, mtu mzima wa kisiwa cha Wasini aliyenizidi miaka zaidi ya 20, "Ami, thamostati iko wapi?" (Ni valvu inayobana maji ya kupoza mpaka mashine ipate moto.)

"Ilitolewa zamani, mwanangu. Fundi alisema inabana maji, mashine isije ikachemka."

"Na ukitoka hapa unaipa moto kiasi gani?"

"Kidogo tu. Sailensa, ule mngurumo wa chini kabisa, na juu yake kidogo. Hii sijapata kuikimbiza tangu tuinunue."

Alilisema hilo kwa fahari, na simlaumu, kwa maana hivyo ndivyo tulivyolelewa sote kutunza kitu cha thamani.

Hebu tuifuate siku yake moja. Saa mbili na nusu asubuhi anawasha mashine gatini na kuiacha ikinguruma nusu saa huku wageni wakivalishwa maboya. Saa tatu anaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Wakiona pomboo anapunguza moto hadi sailensa, na hapo yuko sawa kabisa, pomboo hawafai kukimbizwa. Saa nzima inapita hivyo. Kisite anashika boya, lakini mashine haizimwi, kwa sababu friji ya soda na spika ya muziki zinategemea betri. Wageni wako majini saa moja na nusu, propela iko mita chache kutoka miguuni mwao, na mashine inawaka. (Hilo peke yake lingetosha kuizima.) Halafu Wasini kula kaa, polepole. Halafu Shimoni, polepole. Nilimhesabia: mashine inawaka saa sita na ushei, na hakuna hata dakika 10 ambazo imepewa mzigo wa kweli.

Watu wengi hudhani ukizungusha mashine nusu ya mizunguko yake unatumia nusu ya nguvu yake. Kwa propela sivyo. Ukipunguza mizunguko nusu, nguvu inayotakiwa inashuka hadi kama thumuni. Mashine ya farasi 30 ikizungushwa nusu, propela inaiomba farasi wanne hivi. Sasa kumbuka kuwa dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyobanwa na pistoni, na kuta za silinda zikiwa baridi, sehemu ya mafuta haiungui ikaisha. Inagusa ukuta, inaosha oili, inakauka pale pale ikawa vanishi. Ndiyo ile halua. Nozeli nazo, kwa kupitisha mafuta kidogo kidogo, huota masizi mdomoni, zikaacha kunyunyiza ukungu zikaanza kudondosha matone. Na ringi zinahitaji msukumo wa moto wa juu ili zijibane ukutani. Gesi hupita nyuma ya ringi ikaisukuma nje. Moto ukiwa dhaifu, ringi haijibani. Moshi unashuka chini kwenye oili na oili inapanda juu kwenye moto. Mashine inaanza kupumua kwa mdomo wa kutilia oili, na mwenye boti anaambiwa imezeeka.

Lililonifunza haya halikutoka kitabuni. Agosti ya 2014 nilikuwa ndani ya jahazi lililokuwa mikononi mwangu kwa matengenezo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitoa thamostati yake miaka miwili kabla, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia nahodha aende taratibu asiuchoshe moyo wa mashine. Tulikuwa tunarudi kutoka Kisite, abiria 14, kusi limechafuka. Anayeijua pwani ya kusini ya Wasini anajua kuwa ni miamba ya matumbawe, na kusi linakusukuma huko huko. Nahodha alitaka kujitoa nje, akaongeza moto. Mashine iligugumia, ikatoa moshi mzito, mizunguko haikupanda. Akasukuma mkono wa moto hadi mwisho, na haikupanda. Kwa miaka miwili mashine ile ilikuwa imeonekana nzima kwa sababu hakuna siku iliyoombwa nguvu yake. Siku ilipoombwa, haikuwa nayo.

Tuliokolewa na tanga. Mabaharia wawili walilipandisha huku mawimbi yakiturushia maji usoni, mama mmoja mgeni akiwa amemkumbatia mtoto wake chini ya mlingoti, na nahodha akakwepa rasi kwa upepo ule ule uliotaka kutuvunja. Sijapata kuusahau uso wa yule mama. Siku ya pili nilikikata kwa msumeno kiwiko cha bomba la moshi, pale maji ya bahari yanapoingia kuupoza moshi. Tundu lililokuwa linaingia dole gumba langu lilikuwa limebaki la penseli. Kilichobaki chote ni kaa gumu lililochanganyika na chumvi. Mashine ilikuwa haiwezi kutoa pumzi. Kiwiko hicho ninacho mpaka leo kwenye meza ya karakana yangu, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu humtilisha kidole kwanza kabla sijampa spana.

Sasa tazameni jirani zetu. Hapa hapa Shimoni kuna boti zinazotoka kuvua nduaro katika mkondo wa Pemba. Nazo hutembea polepole mchana kutwa, kamba zikiburutwa nyuma, tena zina mashine mbili mbili kubwa zenye tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani, ambazo kwa mwendo mdogo huumia kuliko hizi zetu. Mbona nyingi hudumu? Angalieni zinavyorudi jioni. Kamba zikishakunjwa, nahodha anatia moto, boti inainua pua, na nusu saa nzima inarudi kwa mwendo wa kweli. Wengine wanadhani ni maringo au haraka ya kwenda nyumbani. Ile nusu saa ndiyo inayochoma masizi ya siku nzima. Ikifika karibu na gati anapunguza, anaiacha dakika tatu au nne ipoe, ndipo anazima.

Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kadiri yetu. Jahazi halitainua pua, umbo lake halikubali, lakini mashine yake inaweza kupewa robo tatu ya nguvu zake kwa dakika 20 kabla ya kufunga siku. Iwe mahali pa wazi, mbali na pomboo, mbali na waogeleaji, na mbali na ngalawa za wavuvi wanaotegemea maji yatulie. Najua swali litakalofuata, maana naulizwa kila siku: na mafuta? Mashine ya farasi 30 kwa robo tatu ya nguvu hutumia lita tano hivi kwa saa. Kwa mwendo wa konokono hutumia lita moja na kitu. Katika dakika 20, tofauti ni kama lita moja na robo, na sehemu yake unairudisha kwa kufika mapema. Mwenye jahazi la halua, kwa ringi, gasketi, nozeli, kuchorwa upya silinda na siku za msimu alizolala bila wageni, ametoa zaidi ya shilingi laki mbili. Na agawe mwenyewe.

Ila nawaomba msisome barua hii mkaenda kuikimbiza leo jioni mashine iliyobembelezwa miaka mitano. Kwanza tazameni maji yanatoka vizuri bombani, impela ya pampu ya maji ina mabawa yake yote, na kipoozeo hakijaziba. Kisha ongezeni moto kwa hatua, siku baada ya siku. Na mjue kama propela yenu ni saizi yake. Nendeni mahali pa wazi, mtie moto wote kwa muda mfupi, msome mita ya mizunguko. Ikiwa kitabu cha mashine kinasema mizunguko 3,000 kwa dakika nayo inakwama 2,400 na moshi mweusi, basi ama propela ni kubwa mno, ama chini ya boti kumeota magamba, ama hewa haiingii. Rekebisheni hilo kwanza.

Thamostati nitaisema kwa mafundi wenzangu bila kuficha: turudishe. Kuitoa ni dawa ya uvivu. Mashine ikichemka, sababu ni maji hayapiti, basi tafuta kilichoyazuia. Ukiitoa thamostati, mashine haichemki tena, ni kweli, lakini haipati moto pia. Inabaki nyuzi 45 au 50 maisha yake yote, na kila tone la mafuta linalogusa ukuta baridi linabaki pale. Mashine inayopozwa na maji ya chumvi moja kwa moja, thamostati yake hufunguka karibu nyuzi 60, kwa kuwa juu ya hapo chumvi huanza kuganda ndani ya njia za maji. Yenye maji baridi ya kuzunguka ndani na kipoozeo chake, hufunguka kati ya nyuzi 70 na 85. Usinunue ya gari la mtu ukaibandika kwa sababu tu imeingia.

Nataka kukaa kidogo juu ya jambo moja zaidi, kwa sababu linazidi kuenea. Watu wananunua mashine za malori, silinda sita, farasi 120, zilizotolewa kwenye gari lililokufa, wanazigeuza za baharini na kuzifunga kwenye majahazi ya mita 12. Nawaelewa. Vipuri vyake vinapatikana Mombasa duka lolote, na bei yake haifiki nusu ya mashine mpya ya boti. Lakini jahazi la urefu huo, hata ulipe farasi wangapi, halipiti sana maili nane za bahari kwa saa. Maji yenyewe yanalizuia. Kwa mwendo wa kawaida wa maili tano linahitaji farasi wachache, 10 au 15. Sasa umemfunga ng'ombe mkubwa kwenye mkokoteni wa mtoto, na mashine hiyo haitaonja mzigo wake mpaka itakapokufa. Anayetaka kununua na anisikilize: nunua ndogo uitumie vizuri. Farasi 30 wanaofanya kazi watakuzikia farasi 120 wanaolala.

Masika nayo ina mazoea yake mabaya. Mei na Juni wageni hakuna, boti zinalala majini, na mwenye boti, kwa nia njema kabisa, anamwambia mlinzi awe anawasha mashine kila Ijumaa dakika 10 isije ikakwama. Dakika 10 za sailensa hazipashi mashine moto. Zinatengeneza unyevu ndani ya oili, zinaacha masizi, kisha zinazimwa kabla unyevu haujakauka. Nimewahi kuchomoa kijiti cha oili mwezi Julai nikakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kama huwezi kuitoa boti ikaenda mwendo wa saa nzima yenye kazi, iache. Badilisha oili kabla ya kuilaza, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi inayoula chuma kimyakimya. Jaza tangi la dizeli mpaka juu ili unyevu usipate nafasi, kisha funga chumba cha mashine uende zako.

Oili ya boti za mwendo mdogo ibadilishwe kwa saa, wala si kwa rangi. Kitabu kikiniambia saa 250, mimi hubadili 150. Wengi hawana mita ya saa, au iliyopo ilikufa. Daftari la shule na kalamu vinatosha: saa ya kuwasha, saa ya kuzima.

Na ile friji na spika, mwenye boti aweke paneli ya sola juu ya chandarua cha kivuli. Mashine izimwe Kisite. Wageni watasikia bahari, na mwogeleaji hatakuwa na propela karibu yake.

Kwa msomaji aliyeanzisha mazungumzo haya, nakushukuru, kwa maana umeona moshi na ukajali. Ukiuona tena, utazame rangi. Mweusi, mashine inapewa mafuta kuliko hewa iliyo nayo. Buluu, inachoma oili. Mweupe asubuhi ni mafuta yasiyoungua, lakini ukiendelea mashine ikishapata moto, mwite fundi, huenda maji yanaingia. Mwingi unaouona hapa kwetu ni buluu, na unatoka kwenye boti ambazo manahodha wake ni watu waangalifu kuliko wote.

Jahazi la Ami lilirudi majini juzi, silinda zimechorwa upya kwa jiwe, ringi mpya, thamostati mahali pake. Ringi mpya hazitaki kubembelezwa siku za mwanzo, zinataka kazi ya wastani inayopanda na kushuka ili zikae, kwa hiyo nilikwenda naye. Tulipotoka nje ya mlango wa Wasini nilimwomba aongeze moto. Aliushika ule mkono kama mtu aliyeshika yai, akasukuma kidogo, akanitazama, nikamwashiria bado, akasukuma tena. Sindano ya joto, ambayo miaka yote ilikuwa imelala chini, ikapanda polepole hadi nyuzi 78 ikasimama hapo. Moshi ukakatika nyuma yetu. Ami akainamisha kichwa kuelekea chumba cha mashine, akasikiliza kitambo.

"Miaka minne," akasema, "na sijapata kuisikia sauti hii."

Fundi wa mashine za boti,
Shimoni, Kaunti ya Kwale